Nataka hoteli yangu ichangie kliniki ya VVU hapa Busia, nianzie wapi?

mama_hoteli_busia

Habarini ndugu zangu. Mi nina hoteli ya chakula hapa Busia upande wetu wa Uganda, sio ya kulala, ni ya kula tu, asubuhi chai, chapati na katogo, mchana matooke, posho, wali, binyebwa, samaki wa ziwani, jioni tunachoma kuku hapo nje. Wanaokula kwangu ni madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao zitoke, mawakala wa forodha, akina mama wanaovusha mayai na nyanya, vijana wa boda, mchanganyiko wa mpakani mnaujua.

Shida yenyewe ni hii. Tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025 mambo ya kliniki za VVU huku yamebadilika. Dawa zipo, namshukuru Mungu, lakini wale wahudumu waliokuwa wanakufuata mpaka nyumbani ukikosa tarehe yako wengi hawapo tena, na vile vikao vya akina mama wajawazito vilivyokuwa na chai na nauli kidogo vimekufa. Mi sio daktari, haya nayaona hapa hapa kwangu. Mama mmoja anayeniletea mkaa alikaa wiki kadhaa bila kumeza dawa na sio kwamba hazikuwepo, ni nauli ya kwenda na kurudi, ada za watoto nazo zilikuwa zinadaiwa, akaamua watoto kwanza. Nilipojua nikampa nauli, lakini nikajiuliza wako wangapi ambao hawaniletei mkaa.

Binti yangu akaniambia Marekani kuna siku moja kwa mwaka hoteli za mji mzima zinatoa sehemu ya mauzo ya siku hiyo kwa ajili ya watu wenye virusi wa mji huo huo. Nikapenda sana. Nimeongea na wenzangu wachache wenye hoteli kwenye mtaa huu na wako tayari, tunafikiria tarehe 1 Desemba, Siku ya UKIMWI Duniani. Sasa naomba ushauri, nitoe kiasi gani kwenye mauzo na hoteli ibaki wazi kesho yake? Pesa tumpe nani isije ikaliwa? Na hili ndo linaninyima usingizi, nikitundika bango la UKIMWI mlangoni wateja hawatakimbia wakidhani wapishi wangu ni wagonjwa?

shangazi_wa_ntinda

Dada hongera kwa moyo huo. Mi niliwahi kufanya kazi ya kuhudumia mezani Marekani kwa miaka kadhaa na hiyo siku naijua, wanaiita Dining Out For Life, ilianzia Philadelphia 1991, iliyoianzisha ni shirika la pale pale mjini la kuhudumia wagonjwa, ActionAIDS, baadaye ikaenea miji mingi ya Marekani na Kanada. Ukumbuke 1991 ilikuwa miaka ya giza, dawa za mchanganyiko zinazoturudishia watu wetu zilikuja 1996, kwa hiyo walioanza walikuwa wanachangia chakula cha wagonjwa, mtu wa kukaa nao, na mazishi. Na hotelini ndo kulikuwa na msiba mwingi, wapishi na wahudumu wengi walikufa, wenye hoteli walikuwa wanawazika wafanyakazi wao wenyewe.

Jinsi inavyoenda ni hivi. Kila mji una shirika moja tu la VVU linalosimamia, hoteli zinajiandikisha kwake, kila hoteli inasema itatoa pasenti ngapi ya mauzo, wengi 25 na kuendelea, wengine wanatoa ya mlo mmoja tu wa siku, na pesa haitoki nje ya mji huo. Mteja analipa bei yake ya kila siku, haongezewi hata senti. Halafu kuna watu wa kujitolea wanaokaa kila hoteli, wanakusalimia mlangoni, wanakuambia pesa inaenda kufanya nini, na wanakuachia bahasha ukitaka kuongeza chako.

Kitu ambacho watu wakiiga wanakisahau ni hiki, kule kazi ya kuita watu sio ya mwenye hoteli, ni ya lile shirika na wale wa kujitolea. Wanaita marafiki, wanaita kanisa, wanaita ofisi nzima njooni tule kwa fulani, kwa hiyo siku ambayo ingekuwa na meza tupu inajaa, ndo maana hoteli inaweza kuachia pasenti 25 na bado isiumie. Ukitoa pasenti bila kuongeza watu umejitoza faini.

hesabu_za_kaka

Namuunga mkono shangazi hapo mwisho, na kwa Busia naomba usiguse 25 ya mauzo yote. Hoteli ya chakula faida yake ni nyembamba, mkaa, mafuta, kodi ya nyumba, mshahara, samaki akipanda bei ndo kabisa. Kwenye sahani ya shilingi 10,000 ukibakiwa na 1,500 baada ya yote hapo umefanya vizuri, sasa ukitoa 2,500 unachangia kwa mtaji na mwezi ujao wewe ndo utachangiwa.

Chagua sahani moja, ile yako inayojulikana, sema kila sahani ya hiyo shilingi 1,000 inaenda kliniki. Wote wanaelewa, hata mhudumu wako anaweza kuihesabu bila kalkuleta, na jioni ukihesabu sahani umeshahesabu mchango. Na muuzaji wako wa soda mwombe naye atoe kreti chache siku hiyo, na wa kuku vile vile, usibebe peke yako.

Kuhusu URA, watu wa kodi. Kama mauzo yako ya mwaka hayafiki milioni 150 na unalipa ile kodi ya makadirio, inapigwa kwenye mauzo, kwa hiyo mchango wako hautakupunguzia kodi, usidanganywe na mtu. Mwenye biashara kubwa anayepeleka mahesabu kamili yeye anaweza kuondoa mchango kwa shirika lililosamehewa kodi, mwisho pasenti 5 ya mapato yake yanayotozwa. Pesa ambayo mteja anaitumbukiza mwenyewe kwenye kisanduku sio mauzo yako, iwekee daftari lake na laini yake ya simu, usiichanganye na ya kununulia vitunguu hata kwa saa moja, ukishaichanganya hata uwe malaika watu watakusema.

Kuhusu aibu, angalia mbio za siku ya kuzaliwa kwa Kabaka, mfalme wa Buganda. Miaka hii zilikimbiwa kwa ajili ya kumaliza UKIMWI, Kabaka Mutebi mwenyewe ni balozi wa UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, wa kuhamasisha wanaume, na watu maelfu kwa maelfu walinunua fulana, wakazivaa barabarani na nyingine wanazivaa hadi leo wakienda sokoni. Hakuna aliyemwona aliyevaa akasema huyu mgonjwa. Mtu anataka kuwa ndani ya jambo jema linalofanywa na wengi, kwa hiyo msianze na hoteli moja, anzeni mtaa mzima siku moja.

mzalendo_tororo

Mi nitasema tofauti na msinikasirikie. Kwa nini mama wa hoteli abebe mzigo wa serikali? Sheria ya VVU ya 2014 ilianzisha mfuko wa UKIMWI na ikasema asilimia 2 ya kodi ya bia, pombe kali, soda na maji ya chupa iende huko. Yaani kila chupa ambayo mama anauza kwenye hoteli yake kwa sheria ile tayari ina mchango ndani. Tungeanza kudai hiyo, wabunge wetu watuambie imefika wapi, kabla ya kuanza kukata sahani za maskini kusaidia maskini.

La pili ni uaminifu. Mwaka 2005 Global Fund, ule mfuko wa kimataifa wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ilisimamisha ruzuku zake tano kwa Uganda kwa sababu ya usimamizi mbovu wa pesa, tukaundiwa tume ya jaji Ogoola, mambo yaliyotoka mle tuliyasikia wote kwenye redio. Zile zilikuwa pesa za wakubwa zenye wakaguzi wa kimataifa. Sasa kisanduku cha mbao kwenye kaunta ya Busia nani atakikagua? Nauliza kwa sababu najali, nilizika kaka zangu wawili miaka ile ya siliimu, ndo tulivyouita UKIMWI, sitaki mtu apate gari kwa jina lao.

nesi_mstaafu

Mzalendo pole sana kwa ndugu zako. Mi nilikuwa kwenye wodi miaka hiyo, tulikuwa tunalaza watu sakafuni na cha kuwapa hatuna zaidi ya maji na maneno. Unachosema kuhusu serikali ni kweli na tuendelee kudai, tena kwa sauti, kwa sababu Uganda ina watu karibu milioni 1.5 wanaoishi na virusi na hakuna hoteli itakayowabeba hao. Lakini kumbuka TASO, shirika letu la kusaidia wenye virusi, ilivyoanza 1987, Noerine Kaleeba alikuwa amempoteza mumewe mwaka huo huo, wakakaa watu wachache, wengine wenyewe wanaumwa, wakaanza kutembeleana na kusaidiana wakiwa hawana chochote, na hawakungoja wizara. Parokia ya Mbuya kule Kampala nao 2001 walianza na wagonjwa wachache na waumini wa kujitolea, leo Reach Out Mbuya inajulikana nchi nzima. Kudai na kusaidia vinaenda pamoja.

Sasa mama hoteli nikuambie pesa ndogo inafanya kazi wapi, maana hapo watu wengi wanakosea, wanakusanya halafu wananunua sukari na sabuni, wanapiga picha na wagonjwa, basi. Dawa zenyewe usinunue. Hospitali na vituo vya serikali vinatoa bure, na hata bei yake duniani imeshuka sana, tangu 2023 Global Fund inanunua dozi ya mtu mmoja ya mwaka mzima kwa chini ya dola 45, hiyo ni kama shilingi 160,000 hivi. Kinachokatika ni kile kipande kati ya dawa na mdomo wa mtu. Nauli. Simu ya kumkumbusha. Mtu wa kumfuata akipotea. Chakula kwa anayeanza dawa, maana ukimeza na tumbo tupu kichefuchefu kinakufanya uache.

Hebu pigeni hesabu nami. Mtu aliyetulia kwenye dawa anachukua za miezi mitatu kwa mara moja, kwa hiyo ni safari nne kwa mwaka. Boda kwenda na kurudi tuseme ni 10,000, hiyo ni 40,000. Sahani zako arobaini zenye ile 1,000 ya kaka wa hesabu zimemfikisha mtu mmoja kliniki mwaka mzima. Mtu huyo akimeza vizuri virusi vinashuka mpaka havionekani kwenye kipimo, na akifika hapo hamwambukizi mwenzake kitandani, na mama mjamzito mtoto wake ana nafasi kubwa sana ya kuzaliwa salama. Kwa hiyo ukimpa nauli umetibu na umekinga kwa pesa ile ile, hakuna bango la barabarani linaloweza kufanya hivyo.

Pesa mpe nani? Usimpe mtu mmoja hata kama ni nesi, hata kama ni mimi. Nenda kituo chenu, muone msimamizi, uliza kama wana kikundi cha wagonjwa wataalamu, wale wanaoishi na virusi na wanasaidia wenzao, karibu kila kituo kikubwa wapo. Andikianeni karatasi moja, pesa iende kwenye akaunti ya kituo au ya shirika lililosajiliwa kwa kazi ya nauli tu, na kila mwezi mrudishiwe idadi, watu kadhaa walisaidiwa, safari kadhaa, shilingi kadhaa. Idadi tu. USIOMBE MAJINA. Hata wakitaka kukupa, kataa. Busia ni ndogo, siku orodha ikionekana kwenye kaunta yako hakuna atakayekuja tena kuchukua hiyo nauli. Na nauli itumwe kwenye simu ya mtu na kituo, msilipe kwa mwenyekiti wa steji ya boda maana steji nzima itajua nani anapelekwa wapi.

mpishi_wa_soroti

Nasoma hapa nikaona niseme maana mnatuongelea sisi. Ninaishi na virusi mwaka wa kumi na kitu sasa, nimeolewa, mume wangu hana, watoto wangu hawana. Kazi yangu ni upishi.

Niliwahi kupika kwenye hoteli moja mjini, sitaitaja. Mwenye hoteli aliona kopo la dawa kwenye mkoba wangu, hakuniuliza chochote, kesho yake nikaambiwa jikoni wamejaa. Baadaye nikasikia alimwaga mpaka sufuria nilizokuwa natumia. Nililia siku nyingi sio kwa ajili ya kazi, ni zile sufuria. Virusi haviishi kwenye matooke, haviko kwenye jasho, havikai kwenye kijiko, haya watoto wa shule ya msingi wanafundishwa, na ile ile sheria ya 2014 aliyoitaja mzalendo inakataza kumbagua mtu kazini kwa hali yake. Lakini nani angenipeleka mahakamani na ndo ningekuwa nimejitangaza kwa mji mzima?

Kwa hiyo mama wa Busia swali lako la tatu, wateja watadhani wapishi wangu ni wagonjwa. Nakuomba kwa upole ulipindue. Pengine mmoja wao ANA virusi na wewe hujui, na anakupikia vizuri kila siku. Siku utakapotundika hilo bango atakuwa anasoma anajiuliza kama yumo ndani ya hilo jambo jema au kama ndo siku yake ya kufukuzwa. Kwanza kaa na wafanyakazi wako kabla ya wateja. Waambie kwa kinywa chako kwamba kwenye hoteli hii hakuna atakayeachishwa kazi kwa sababu ya virusi na siku ya kliniki mtu anapewa ruhusa bila kuulizwa maswali. Mteja akiuliza kwa mzaha mhudumu ajue la kumjibu, na ajue bosi yuko nyuma yake.

Na msituweke mbele kama maonyesho. Najua mwanamuziki Philly Lutaaya 1989 alisimama akajitangaza na akatufungulia mlango wote, nampa heshima yake yote, lakini alichagua mwenyewe. Msimtafute mtu wa kusimama na maikrofoni kwa sahani ya kuku. Bango lisiwe na mifupa wala mtu aliyekonda. Andikeni tu, Leo chakula chako kinampeleka jirani kliniki. Atakayetaka kujua zaidi atauliza.

dereva_wa_northern

Mi ni dereva wa masafa, Mombasa mpaka Kampala, mara nyingine naunganisha Juba, na Busia na Malaba ni kama nyumbani. Naomba mtusikie na sisi maana kila mtu akitaja ugonjwa huu barabarani anatunyooshea kidole. Wazee waliotutangulia walikuwa wanalala Lyantonde, ule mji wa malori kusini magharibi mwa Uganda, wengi hawakurudi nyumbani, tunajua. Sasa sisi ndo tunakaa foleni hapo mpakani usiku kucha, tunakula kwa mama, na kliniki ni saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja, saa ambayo mi niko kwenye mizani au nimeshavuka.

Ombi langu ni kwamba hizo pesa nyingine zifanye kitu cha kinga hapo hapo hotelini. Kondomu ziwekwe chooni kwenye boksi, sio kwa mhudumu mpaka uombe mbele za watu. Na vile vipimo vya kujipima mwenyewe mdomoni, mtu akija na nesi jioni mara moja kwa mwezi akakaa pembeni kwenye chumba cha nyuma, nakuapia madereva watapima, tunaogopa mchana sio kipimo. Na tukikutana hoteli moja mwezi huu na mwezi ujao tunaambiana kwenye redio koli mpaka Mariakani karibu na Mombasa.

Sahani ya 1,000 ya mchango mi nitakula mbili.

nesi_mstaafu

Dereva umenena. Kujipima ni sawa ila wote wajue, kikionyesha umeambukizwa hicho sio cha mwisho, lazima urudiwe kipimo kituoni, kwa hiyo nesi wa jioni awe na namba ya kituo na mtu wa kumsindikiza huyo dereva hata kama yuko njiani, anaweza kuanzishiwa dawa kwingine. Na ambaye hana virusi lakini kazi yake inamweka hatarini aambiwe kuhusu vidonge vya kinga, PrEP, wengi barabarani hawajui kama vipo. Ile sindano ya mara mbili kwa mwaka, lenacapavir, ilijaribiwa hapa Uganda na Afrika Kusini, matokeo ya 2024 yalionyesha kati ya wasichana zaidi ya 2,000 waliochomwa hiyo sindano hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Hata mmoja. Mi nilisoma nikakaa kimya muda mrefu. Hiyo sindano ndo ya kuulizia kwenye vituo vyetu kila mara mpaka ifike kwa kila anayeihitaji.

Mama hoteli na kitu kingine, tarehe. 1 Desemba wahudumu wote wa afya wako kwenye maandamano na hotuba, kila shirika linachangisha siku hiyo, utapata makombo, halafu Januari hadi Novemba nauli inatoka wapi? Marekani siku moja inawatosha kwa sababu hoteli ni mamia kwenye mji mmoja. Nyie mko wachache, fanyeni kidogo kila mwezi. Siku moja ile ile, mfano Ijumaa ya kwanza, watu waizoee kama siku ya soko.

mzalendo_tororo

Nimesoma yote, hasa ya huyu dada mpishi, sufuria zile zimeniuma. Basi kama ni kila mwezi na idadi inabandikwa ukutani mi sina kinyongo. Lakini kisanduku kiwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwenye hoteli mwingine kwa mtu wa kikundi cha wagonjwa, kifunguliwe mbele ya mwenyekiti wa LC1, yule wa serikali ya mtaa, na wateja watakaokuwepo, kihesabiwe hapo hapo mezani na kiasi kiandikwe ubaoni kabla hakijaenda popote. Malipo ya simu yawe kwa MoMoPay, ile namba ya malipo ya MTN, ya kikundi sio namba ya mtu. Mi niko Tororo, sio mbali, Ijumaa ya kwanza nitakuja kushuhudia kuhesabu. Na barua kwa mbunge kuhusu ile asilimia 2 naandika mimi, nyie mtasaini.

mama_hoteli_busia

Wandugu mmenifanya nimekaa na kalamu jioni nzima. Nimeongea na wafanyakazi wangu leo kabla ya kufungua kama dada wa Soroti alivyosema, nikawaambia vile vile kwa kinywa changu. Hakuna aliyesema kitu, lakini baadaye mmoja alikuja stoo akaniambia asante, akarudi kwenye jiko lake. Sitasema zaidi.

Tumeamua hivi mi na wenzangu. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, mi sahani yangu ni samaki na matooke, jirani ameweka kuku na wali, yule wa roleksi, chapati ya kuviringishia mayai, pale kona naye ameomba kuingia, yeye atatoa shilingi 200 kwa kila roleksi na nimemwambia asione ni ndogo, anauza nyingi kuliko sisi wote. Kondomu chooni tunaanza kesho sio mpaka mwezi ujao, kituo wametupa bure. Chumba cha nyuma nina stoo ya magunia naweza kuihamisha, ina mlango wake wa nje, mtu anaingia bila kupita mezani. Kituo wamekubali kuandikiana karatasi ila wanauliza nesi wa jioni atalipwa na nani maana saa hizo sio za kazi, hapo sina jibu. Dereva, usiku wa Ijumaa foleni inakuwa kubwa kuanzia saa ngapi?

dereva_wa_northern

Kuanzia saa moja jioni mama mpaka saa tano hivi, wengi tunataka tuvuke kabla ya wikendi. Nesi akija saa moja unusu atatukuta tumekaa tunasubiri chakula. Na usimtafutie mshahara mkubwa, mpe nauli na chakula, sisi madereva tutachanga ya kwake, nimeshaweka kwenye grupu letu na watu wameanza kutuma.

nesi_mstaafu

Mwezi wa kwanza nakuja mimi mwenyewe, Mbale sio mbali na leseni yangu bado hai, ila mwambieni msimamizi wa kituo aniandikie ruhusa na vipimo vitoke kwake, nisije na vyangu. Chakula nitakula samaki.